Wasichana Saba na Herufi Tatu

Upande wa kusini wa chuo cha Iowa Wesleyan kulikuwa na ua wa mbao, na kwenye ua huo ngazi fupi ya kuvukia, ya aina wanayoijenga wakulima ili watu wapite na ng'ombe wabaki ndani. Kwa simulizi ambalo chama chao kimelitunza kwa zaidi ya miaka 150, hapo ndipo walipokaa wasichana wawili, Hattie Briggs na Franc Roads, wakizungumza jambo lililowakera. Ilikuwa Januari ya mwaka 1869 katika mji mdogo wa Mount Pleasant, jimboni Iowa, katikati ya Marekani. Januari ya Iowa si mwezi wa kubarizi nje. Waliokaa nje siku kama hizo walikuwa na la kuzungumza.

Lililowakera lilikuwa hili. Miaka miwili kabla, mwaka 1867, wanafunzi wa kike wa chuo cha Monmouth katika jimbo jirani la Illinois walikuwa wameanzisha chama chao cha siri, wakakiita I.C. Sorosis. Ni chama hichohicho ambacho baadaye kilibadili jina na kuwa Pi Beta Phi, na bado kipo. Desemba 1868 chama hicho kilifungua tawi katika chuo cha Iowa Wesleyan, hapo Mount Pleasant, kikaanza kuchagua wanachama. Katika kundi la marafiki saba waliokuwa wakitembea pamoja, wakisoma pamoja na kucheka pamoja, baadhi walialikwa na wengine wakarukwa.

Yeyote aliyewahi kuona sare ya harusi ikigawiwa kwa mashoga wanne kati ya saba anajua kinachofuata. Walioalikwa hukosa raha, walioachwa hujifanya hawajali, na urafiki huanza kupata ufa. Hattie ndiye aliyetoa wazo pale kwenye ngazi: kwa nini tusiwe na chama chetu wenyewe? Franc aliafiki palepale, wakaenda kuwatafuta wenzao.

Alhamisi ya tarehe 21 Januari 1869 wote saba walikutana na kuapishana. Majina yao ni Mary Allen, Ella Stewart, Alice Bird, Hattie Briggs, Franc Roads, Alice Coffin na Suela Pearson. Walikuwa wa hirimu moja, na hakuna kati yao aliyekuwa ametimiza miaka 22. Alice Bird, aliyekuwa hodari wa kalamu, ndiye aliyeandika kiapo. Walichagua nyota kuwa alama yao, na juu ya nyota wakaweka herufi tatu: P.E.O. Maana ya herufi hizo wakakubaliana isitoke nje ya wale saba.

Kisha wakafanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa Mombasa aliyesikia habari za vyama vya lelemama na mashindano yao ya mavazi angelielewa bila kuelezwa. Walishona sare. Zilikuwa aproni za kaliko, kitambaa cha pamba cha bei nafuu, zenye kufunika kifua hadi shingoni. Siku ya kujitokeza waliingia kwenye ibada ya asubuhi ya chuo wakiwa wamezivaa, kila mmoja na nyota yake kifuani. Wanafunzi wenzao waligeuza shingo, nalo ndilo lililokusudiwa.

Hadi hapa ni hadithi ya shule tu, ya aina ambayo hutokea kila muhula na kusahaulika likizo ikifika. Ili tuelewe kwa nini hii haikusahaulika, yafaa tutazame mji wenyewe kwanza.

Mount Pleasant ulijisifu kuwa mji wa elimu, na watu wake walipenda kuuita Athens ya Iowa. Chuo chake, kilichoanzishwa mwaka 1842 na kulelewa na kanisa la Methodisti, kilikuwa na jambo ambalo vyuo vingi vikongwe vya mashariki mwa Marekani vilikuwa bado vinaliogopa: kilisomesha wavulana na wasichana pamoja. Iowa ilikuwa mbele katika hilo. Chuo kikuu cha serikali ya jimbo, katika mji wa Iowa City, kilikuwa kimewapokea wanawake tangu mwaka 1855. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1865 na kuacha nafasi nyingi zilizohitaji kuzibwa, hasa za walimu, na familia nyingi zilikuwa zimeanza kuona kwamba binti aliyesoma si hasara.

Rais wa zamani wa Iowa Wesleyan, James Harlan, alikuwa seneta na rafiki wa Abraham Lincoln. Binti yake Mary alikuwa ameolewa na Robert, mtoto wa Lincoln, Septemba 1868, miezi minne tu kabla ya kile kiapo. Na kulikuwa na msichana mwingine wa mji huo, Belle Babb Mansfield, aliyehitimu chuoni hapo mwaka 1866 na kisha kusomea sheria. Juni 1869 aliruhusiwa kuwa wakili, mwanamke wa kwanza nchini Marekani kupewa ruhusa hiyo. Sheria ya Iowa ilikuwa imewataja wanaume weupe peke yao. Hakimu Francis Springer, mwenye moyo mpana kuliko sheria yenyewe, aliamua kwamba kutajwa kwa mwanamume hakumaanishi kuwa mwanamke amekatazwa. Kaka yake Belle, Washington Irving Babb, ndiye aliyekuja kumwoa Alice Bird, yule mwandishi wa kiapo. Mwaka uliofuata, Juni 1870, watetezi wa haki ya wanawake kupiga kura walikutana hapohapo Mount Pleasant na kuunda chama chao cha jimbo zima.

Ukisoma hayo yote kwa pamoja ni rahisi kudhani kwamba wale wasichana saba walikuwa sehemu ya mapambano. Tusiwavishe joho lisilo lao. Hawakuapa kudai kura wala kubadilisha sheria. Waliapa kupendana, kujirekebisha tabia, kusaidiana na kukuza akili zao. Kusomesha wasichana wengine hakukuwemo katika azimio lao la kwanza. Hilo lilichukua karibu miaka arobaini kufika, na kwa maoni yangu miaka hiyo ndiyo yenye hadithi.

Katika wale saba kulikuwa na mmoja ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Baba yake Ella Stewart alikuwa amefariki. Mama yake, mjane, alikuwa akipokea wapangaji nyumbani na kuwapikia ili watoto wapate kula na kusoma. Kazi hiyo inahitaji mikono mingi, na mkono uliokuwa karibu zaidi ulikuwa wa binti. Ella aliacha chuo kabla ya kuhitimu akarudi nyumbani kumsaidia mama. Baadaye alifundisha katika shule ya kurekebisha wavulana watukutu huko Eldora, jimboni humohumo. Aliyewahi kufundisha wavulana wa aina hiyo hatauliza kama ilikuwa kazi ya maana.

Wenzake walimpenda. Hakuna aliyekuwa na fedha za kumlipia ada, wala hawakuwa na mfuko wa kukopa. Walikuwa na aproni, nyota na kiapo.

Maisha yakawatawanya kama yanavyowatawanya wasichana wote wanaomaliza shule. Hattie Briggs aliolewa, akafariki mwaka 1877 akiwa bado kijana. Alice Coffin hakuolewa. Alifundisha shule hadi alipofariki mwaka 1888. Mary Allen aliolewa na mchungaji wa Methodisti, akawa mama wa kanisa. Franc Roads alikwenda Lincoln, jimboni Nebraska, akafundisha sanaa na kuingia katika harakati za kura. Suela Pearson alihamia Cleveland. Ella alifariki Desemba 1894.

Chama kilikua kwa njia hiyohiyo ya kutawanyika. Mwanachama aliyeolewa au kupata kazi ya ualimu katika mji mgeni alijikuta peke yake kwenye upepo wa nyika, hana mtu wa kuongea naye kitabu alichokisoma. Basi aliwaandikia dada zake kuomba ruhusa, akakusanya wanawake wachache sebuleni na kufungua tawi. Reli iliwapeleka magharibi, nao wakaipeleka nyota. Matawi yalipewa herufi badala ya majina: A, B, C, na alfabeti ilipokwisha yakaanza AA, AB, na kuendelea. Lile la kwanza kabisa, la Mount Pleasant, bado huitwa A ya Asili. Mwaka 1889 walianza kuchapisha jarida lao, The P.E.O. Record, ambalo halijaacha kutoka tangu hapo.

Ndani ya ukuaji huo kulizuka mvutano ambao wanahistoria wa chama hupenda kuupita haraka. Je, hiki ni chama cha wanafunzi au cha wanawake wa mjini? Msichana wa miaka 18 na mama wa watoto wanne hawana ajenda moja. Wa mjini walizidi kuwa wengi, na mwisho wakashinda. Mwaka 1902 tawi la wanafunzi pale Iowa Wesleyan lilijitoa na kujiunga na chama kingine cha wanafunzi, Alpha Xi Delta. P.E.O. ikabaki ya kina mama na walimu, watu wenye nyumba, wenye daftari la mapato na matumizi, na wenye kujua bei ya vitu.

Nadhani hilo ndilo lililobadilisha kila kitu. Chama cha wanafunzi huwaza dansi na mitihani, lakini cha wanawake wazima kikikaa sebuleni miaka thelathini, huanza kuulizana habari za binti wa jirani ambaye ameacha shule kwa kukosa ada. Mwaka 1907 mkutano mkuu wa P.E.O. ulianzisha mfuko wa mikopo ya elimu.

Utaratibu wake ulikuwa wa watu wanaoendesha nyumba. Fedha zilitoka kwenye michango ya matawi, senti kwa dola. Msichana alikopeshwa kwa riba ndogo, akasoma, akapata kazi, akarejesha, na fedha ileile ikaenda kwa mwingine. Mwanamke wa Dar es Salaam aliyecheza kikoba ataitambua hesabu hiyo mara moja: mtaji haulali. Tofauti ni kwamba hapa mkopaji hakuhitaji kuwa mwanachama. Hakulazimika kuvaa nyota wala kujua maana ya herufi. Tawi moja lilipaswa kumjua na kumpendekeza, basi, na alipomaliza kulipa hakudaiwa kitu kingine, hata shukrani. Ella Stewart alikuwa amefariki miaka 13 kabla.

Kujiunga, kwa upande mwingine, hakukuwa rahisi, na kwa muda mrefu mwanamke hakuweza kuomba. Alisubiri aombwe. Mwanachama aliyemfahamu alipeleka jina lake, wengine wakaliunga mkono, kisha tawi likapiga kura yeye mwenyewe akiwa hana habari. Likipita, aliletewa mwaliko. Akikubali, alipelekwa kwenye hafla ya kuingizwa, akala kiapo chenye mizizi katika kile cha Alice Bird, akavishwa nyota na kuambiwa siri ya herufi tatu. Kuanzia siku hiyo aliitwa dada. Lisipopita, hakuambiwa kitu, na aliendelea kukutana sokoni na watu waliomkataa, wakiulizana hali kama kawaida.

Hapa pana jambo la kushangaza. Chama kilichozaliwa kwa sababu baadhi ya marafiki walirukwa katika mwaliko kiliweka mwaliko kuwa mlango wake pekee. Katika miji mingi kwa miongo mingi wanachama walikuwa wake wa madaktari, wa wenye benki, wa wachungaji, wanawake weupe wa familia zinazofahamiana. Wanawake Weusi wa Marekani waliosoma walijijengea vyama vyao, na mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya ule mfuko wa mikopo kuanzishwa, wanafunzi wa chuo kikuu cha Howard jijini Washington waliunda Alpha Kappa Alpha. Siku hizi P.E.O. imelegeza, na mwanamke anaweza kujitokeza mwenyewe na kusema angependa kujua zaidi. Lakini tabia ya karne moja na nusu haiondoki kwa siku moja.

Mkutano wenyewe, kwa aliyetarajia mambo makubwa, hauna cha kutisha. Kina mama hukutana kwenye nyumba ya mmojawao, mwenye nyumba huandaa kahawa na keki, huanza kwa sala na kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, mweka hazina hutoa hesabu, na wanajadili binti gani apendekezwe mwaka huu. Mara nyingine mwanachama huwasomea wenzake jambo alilolitafiti. Ni kikao cha kawaida cha chama cha akina mama, cha aina inayokutana kila wiki kutoka Tanga hadi Kisumu, isipokuwa fedha inayopita mezani hatimaye hulipa karo ya mtu ambaye hayupo.

Mwaka 1927 walipewa chuo kizima. Mtoaji alikuwa Virginia Alice Cottey, binti wa mkulima wa Missouri, aliyesoma akiwa msichana habari za Mary Lyon, mwanzilishi wa Mount Holyoke, shule ya wanawake iliyofunguliwa Massachusetts mwaka 1837. Kitabu hicho kilimwingia. Mwaka 1884, akiwa na dola 3,000 alizoweka akiba pamoja na dada zake Dora na Kate, alifungua shule ya wasichana katika mji uitwao Nevada, ulioko Missouri licha ya jina lake. Aliiongoza kwa miongo minne. Aliolewa akiwa mtu mzima, akafiwa na mumewe, na alipoanza kuzeeka akajiuliza nani ataitunza shule. Makanisa yangeipokea. Badala yake, baada ya kuingizwa P.E.O. mwaka 1926, alichagua kuwapa wanawake. Mkutano mkuu wa 1927 uliipokea zawadi hiyo, na haikuwa zawadi nyepesi: majengo, walimu na gharama za kila siku. Miaka miwili baadaye uchumi wa Marekani ulianguka. Chuo cha Cottey hakikufungwa. Kwa muda mrefu kilitoa masomo ya miaka miwili tu, sasa kinatoa shahada kamili, na bado ni chuo cha wanawake.

Mary Allen, mama mchungaji kama angeitwa kwetu, alifariki mwaka huohuo wa 1927, wa mwisho kati ya wale saba. Alice Bird alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. 

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mfuko ulivuka bahari. Mwaka 1949 P.E.O. ilianzisha ufadhili wa amani kwa wanawake wa nchi nyingine wanaokwenda kusoma shahada za juu Marekani na Kanada. Hapa hakukuwa na mkopo wala riba. Masharti yalikuwa machache, na moja linagusa moja kwa moja wasomaji wetu ambao wana binti au dada ng'ambo: mfadhiliwa huahidi kwamba akimaliza atarudi nyumbani. Mwaka 1973 ulikuja mpango wa wanawake walioacha masomo wakalea watoto na sasa wanataka kumalizia. Ni mpango ambao mama yake Ella Stewart angeuelewa, na Ella mwenyewe angeujazia fomu. Baadaye ukaja ufadhili kwa wanaosomea udaktari wa falsafa, kisha mwaka 2009 mwingine kwa wasichana wanaomaliza sekondari.

Siri ya herufi iliendelea kutunzwa, ingawa iliwapa wenyewe taabu. Ni vigumu kuomba michango au kumshawishi binti akujazie fomu ya mkopo kama huwezi kumwambia jina lako. Mzaha wa waume zao ulikuwa mwingi, kila mmoja akikisia maana yake ya kuchekesha. Hatimaye chama kiliamua kwamba mbele ya umma herufi P.E.O. zitasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya shirika la hisani na elimu. Lakini maana ya kwanza, ile waliyokubaliana wasichana saba, imebaki kwa wanachama. Nimeona wageni wakimuuliza dada mmoja swali hilo. Alitabasamu, akawauliza kama wataongeza kahawa.

Makao makuu ya chama yako Des Moines, mji mkuu wa Iowa, na wanachama wake wametapakaa katika majimbo yote ya Marekani na nchini Kanada. Chuo walikoanzia hakikuwa na bahati hiyo. Iowa Wesleyan kilihangaika kwa miaka mingi na wanafunzi wachache na deni la zaidi ya dola milioni 20 kwa wizara ya kilimo ya Marekani, ambayo ilikuwa imeshika majengo yake kama dhamana. Mwezi Mei 2023, baada ya miaka 181, kilifunga milango. Wanafunzi wa mwisho walihamishiwa vyuo vingine. Katika uwanja wake lilibaki jengo la kumbukumbu ambalo P.E.O. ililijenga kwa michango ya matawi miaka ya 1920 kuwaenzi waanzilishi wake, wote saba, akiwemo Ella Stewart ambaye hakuhitimu.